Nyasi za Ugenini: Hotuba kwa Wanaoitamani Jezi ya Taifa ya Bolisi

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wachezaji, makocha na waamuzi wa bolisi, mchezo wa kuvingirisha matufe kwenye uwanja wa nyasi ili yatulie karibu na tufe dogo liitwalo jeki. Tumeiweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Ndugu wachezaji, walimu wetu wa mchezo, waamuzi, wazee wa klabu, na ninyi vijana mliojibanza huko nyuma: itifaki naomba ihesabike imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya mchezaji wa kimataifa wa bolisi. Najua mtu akisikia hivyo, moyo unamwendea kwenye medali, ndege na bendera kifuani. Mimi leo nitawazungumzia nyasi. Nyasi za ugenini. Mikono mizuri imejaa katika kila klabu, na hilo mnalijua. Anayeitwa timu ya taifa ni yule ambaye ukimshusha kwenye uwanja asioujua, ukampa duru mbili tatu, anakuwa ameujua. Bingwa wa klabu ukimshusha palepale, atakwambia uwanja ni mbovu.

Tuanze na saa. Ni wangapi kati yenu mkifika uwanja mgeni mnatoa saa ya kuhesabu sekunde kabla hamjatoa matufe kwenye mfuko? Naona mikono michache. Basi hii ndiyo kazi ya kwanza. Jeki inawekwa mita 27 kutoka mstari wa mkeka, yaani ukingo wa mbele wa mkeka anaosimama mchezaji. Unavingirisha tufe litue karibu nayo, ndani ya sentimita 30 hivi, na unahesabu sekunde tangu linapouacha mkono hadi linaposimama kabisa. Fanya hivyo kwenda, fanya hivyo kurudi, kisha uchukue wastani. Viwanja vingi vya Uingereza, vyenye unyevu na nyasi zinazoshika, hutoa sekunde 10 hadi 12. Vya New Zealand na Australia hutoa 14, hutoa 16, na siku kavu yenye jua hata 18.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo wageni hupotea. Uwanja wa sekunde 18 ndio tunaouita wa kasi. Tufe linachukua muda mrefu zaidi kufika, na bado tunasema uwanja una kasi. Kwa nini? Kwa sababu nyasi hazilikamati. Unaliachia taratibu nalo linaendelea kwenda, linakwenda, linakwenda, kama mtu asiye na haraka anayejua atafika. Kwenye uwanja wa sekunde 10, ili tufe litembee mita 27 lisimame, lazima litoke mkononi kwa karibu mita 5.4 kwa sekunde. Kwenye uwanja wa sekunde 18, ni mita 3 tu. Mkono uleule, tufe lilelile, umbali uleule, na nguvu inapungua karibu nusu.

Jambo la pili linafuata hapohapo. Mnajua kwamba tufe letu si duara kamili. Upande mmoja umechongwa tofauti na mwingine, na hiyo ndiyo baiasi. Ndani hakuna risasi wala chuma, ni umbo tu. Linapokwenda kwa nguvu, umbo hilo halina usemi mkubwa. Linapopungua mwendo ndipo linapoanza kuinama upande wake. Uwanja wa kasi hulipa tufe sekunde nyingi za kwenda polepole, kwa hiyo hupinda sana, na wewe lazima ulitoe mbali zaidi pembeni ili lirudi katikati. Aliyezoea uwanja mzito akifika huko hukosea mara mbili kwa pigo moja: analitupa kwa nguvu mno na analilenga ndani mno. Tufe linakata mbele ya jeki, linavuka upande wa pili, linaishia kwenye mtaro wa mwisho wa uwanja. Anasahihisha nguvu, anasahau njia. Anasahihisha njia, nguvu inamrudia ya nyumbani. Akija kutulia, mpinzani ana pointi 9.

Na uwanja wenyewe haubaki ulivyo. Asubuhi yenye umande ni mzito. Jua likipanda unakauka na sekunde zinaongezeka. Jioni ubaridi ukirudi, uzito unarudi nao. Mvua ya dakika kumi inaweza kukuondolea sekunde 2. Upepo wa ubavuni hulisukuma tufe lipinde zaidi ukilitoa upande mmoja wa jeki, na lipinde kidogo ukilitoa upande mwingine. Ndiyo maana siku ya upepo mkali wachezaji wazoefu huchagua foahendi (kulitoa tufe kulia, kwa anayetumia mkono wa kulia) au bekihendi (kulitoa kushoto), wakakaa nao huohuo duru baada ya duru hadi wauelewe. Kubadilisha upande kila tufe siku ya upepo ni kujifunza viwanja viwili kwa wakati mmoja.

Nani alilijua jambo hili kuliko wote? Nitawatajia David Bryant. Alizaliwa mwaka 1931 Clevedon, mji mdogo wa pwani katika Somerset, Uingereza. Alikuwa mwalimu wa shule, na nyasi alizolelewa nazo ni zile nzito za kwao. Nataka msikie miji aliyoshinda. Mwaka 1962, Perth, Australia: dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, na dhahabu nyingine ya wachezaji wanne. Mwaka 1966, Sydney: ubingwa wa kwanza kabisa wa dunia wa wanaume, mchezaji mmoja mmoja. Mwaka 1970, Edinburgh, Scotland: dhahabu. Mwaka 1974, Christchurch, New Zealand: dhahabu. Mwaka 1978, Edmonton, Canada: dhahabu. Mwaka 1980, Frankston, Australia: ubingwa wa dunia. Mwaka 1988, Auckland, New Zealand: ubingwa wa dunia tena, akiwa na umri wa miaka 56.

Mmesikia miji hiyo? Hakuna hata mmoja ulio nyumbani kwao. Kama angekuwa mtu wa uwanja mmoja, leo angekumbukwa Clevedon peke yake.

Alifanyaje? Wengi wanamkumbuka kwa kiko chake mdomoni. Mchezaji amkumbuke kwa magoti yake. Bryant alikuwa anachuchumaa kabisa juu ya mkeka, akiwa ameshika tufe, akiitazama njia kutoka chini, kisha ananyanyuka na kuachia katika mwendo mmoja. Mtindo ule wengi wameuiga na magoti yamewakataa. Si lazima uchuchumae. Lenye faida ni kwamba kila tufe lilianzia mahali palepale, kwa mwili uleule, kwa macho yaleyale. Mwanzo usipobadilika, kilichobadilika ni nyasi tu, na mtu unaweza kuzisoma. Ukianza kila tufe kivyake, ukakosea, utajuaje kama kosa ni la uwanja au ni la kwako?

Hapo naingia kwenye mkono, na hapa nitakaa kidogo, maana naona tunaharakisha kwenda kwenye mbinu kubwa kubwa wakati msingi umeachwa wazi.

Pigo linalobeba maisha ya mchezaji ni pigo la kutua: tufe litoke, lipinde, litulie kando ya jeki. Draivu, lile pigo la nguvu nyingi, inasisimua watazamaji, na ina siku yake. Lakini kinachowapa watu ushindi ni kutua. Sasa tazameni ugumu wake. Umbali ambao tufe linakwenda unafuata mraba wa kasi lililotoka nayo. Maana yake ukikosea kasi kwa asilimia 1, umbali unakosewa kwa asilimia 2. Asilimia 2 ya mita 27 ni sentimita 54. Mkeka wetu una urefu wa sentimita 60. Kwa hiyo asilimia 1 ya kasi ni karibu urefu wa mkeka mzima! Ndiyo sababu makocha wengi hupima mazoezi kwa mkeka: tufe lililotulia ndani ya urefu wa mkeka kutoka kwenye jeki linahesabiwa zuri. Mtu anayefanya hivyo kwa matufe mengi mfululizo ana mkono unaojirudia kwa kiwango ambacho akili peke yake haiwezi kukiamuru. Huo ni mwili uliofundishwa.

Mwili unafundishwa vipi? Kwanza tufe likukae mkononi. Lizungushe kwa mikono miwili kwenye mzingo wake, vidole gumba vikutane upande mmoja na vidole vya kati upande wa pili. Vikigusana bila kujikaza, saizi inakufaa. Kisha lishike kwa mkono mmoja, geuza kiganja chini, uutikise mkono kidogo. Likitaka kukuponyoka, ni kubwa. Wachezaji wengi huchagua tufe kubwa kwa sababu wameambiwa kubwa ni zito na halisukumwi kirahisi. Ni kweli, lakini tufe usilolimudu utalibana, ukilibana vidole vinachelewa kuachia, na vikichelewa linayumba njia nzima. Kuyumba kule kunakula mwendo na kunaharibu mpindo. Ukiona tufe lako linatikisika kama gurudumu lililolegea, angalia vidole kabla hujalaumu nyasi: vilale sambamba na mstari ambao tufe linavingirikia, na kidole cha kati kiwe cha mwisho kuliacha.

Miguu. Mguu wa mkeka uelekee kwenye njia ya tufe, usielekee kwenye jeki. Hili watu wazima bado wanalikosea. Jeki iko katikati, njia iko pembeni. Ukisimama ukiitazama jeki, nyonga zako zimeelekea kwenye jeki, na mkono utalazimika kukata kwenda nje. Kwa pigo la kwanza unaweza kubahatisha. Duru ya kumi na tano, umechoka, mkono unafuata nyonga na tufe linakwenda ndani. Halafu hatua: mguu wa pili utoke mbele kwa kufuata njia ileile, goti likunjwe, mkono usio na tufe uegemee paja au goti, na tufe liachwe likiwa karibu kabisa na ardhi. Likiachwa juu linadunda, na kila mdundo unaiba sentimita ambazo huwezi kuzihesabu. Mkono umalizie kwa kuifuata njia, kiganja kikitazama mbele.

Na tafadhali, kabla hujaachia, tazama alama za tufe. Ile ndogo inakaa ndani, upande ambao tufe litapindia. Kuachia tufe kinyume ni aibu inayowapata hata watu wenye jezi ya taifa: linakwenda kwenye njia ya jirani, yaani sehemu ya uwanja ya mechi nyingine, linakufa (halihesabiwi tena), na skipi wako, kiongozi wa timu, amebaki na tufe moja pungufu. Wekeni kama desturi: kidole gumba kiiguse alama ndogo kila mara kabla ya kusimama mkekani.

Nirudi ugenini. Kuna mtu atauliza: je, uwanja wa nyumbani una nguvu kiasi hicho? Mwaka 1976 mashindano ya dunia ya wanaume yalifanyika Johannesburg. Afrika Kusini, ambayo siku hizo za ubaguzi wa rangi ilikuwa imefungiwa nje ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, ilishinda kila kitu. Mchezaji mmoja, wawili, watatu, wanne. Yote! Hakuna mgeni aliyeondoka na dhahabu. Wenyeji walizijua nyasi zile kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani.

Sasa linganisheni na habari hii. Mwaka 1969 wanawake walifanya mashindano yao ya kwanza ya dunia, Sydney. Australia walikuwa kwao. Uingereza walikuja, Scotland walikuja, New Zealand walikuja. Dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja ilichukuliwa na Gladys Doyle wa Papua New Guinea. Papua New Guinea ilikuwa bado miaka 6 kabla ya uhuru wake. Na mwaka 1996, Leamington Spa, Uingereza, bingwa wa dunia wa wanawake akawa Carmen Anderson wa Kisiwa cha Norfolk. Kisiwa chenye watu takriban elfu mbili katikati ya bahari ya Pasifiki! Nchi nyingine zina klabu moja yenye watu nusu ya hao.

Mnaonaje? Nchi ndogo haimfungi mtu. Lakini nchi ndogo inamlazimisha kusafiri. Nyumbani huna viwanja vya kila aina, huna wapinzani wa kila aina, kwa hiyo unajifunza mapema kusoma kilicho mbele yako. Mimi naamini kabisa kwamba huo ni mtaji, na sioni sababu ya kuuonea haya.

Malaysia nao watazameni. Kuala Lumpur iliandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1998, na kwa ajili hiyo viwanja vizuri vya bolisi vikawepo. Miaka 4 baadaye, Manchester, Siti Zalina Ahmad akachukua dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwenye nyasi za Uingereza. Mwaka 2006, Melbourne, kwenye nyasi za Australia, akaichukua tena. Uingereza halafu Australia! Aliyewahi kucheza kote kuwili anajua maana yake: ni kama kujifunza kuandika upya kwa mkono uleule. Na mwaka 2008, Christchurch, Mmalaysia mwingine, Safuan Said, akawa bingwa wa dunia wa wanaume.

Makocha, hili nawaambia ninyi. Usimwache kijana afanye mazoezi yake yote kwenye uwanja mmoja, upande mmoja, umbali mmoja. Kama una uwanja mmoja tu, badilisha kile unachoweza. Sogeza mkeka mbele. Kanuni inataka jeki iwe angalau mita 23 kutoka mstari wa mkeka, na mstari wenyewe uwe angalau mita 2 kutoka mtaro wa nyuma na angalau mita 25 kutoka mtaro wa mbele. Ndani ya mipaka hiyo una umbali mwingi wa kuchezea. Cheza asubuhi kwenye umande, cheza saa nane mchana kwenye ukavu. Tumia njia za pembeni ambako hakuna anayependa kucheza. Kila mara aandike kwenye daftari: sekunde ngapi, umbali gani, alilenga wapi pembeni ya uwanja, tufe liliishia wapi. Daftari la misimu miwili litamfundisha mengi kuliko mdomo wako.

Sasa timu. Wengi wenu hamtaitwa kucheza peke yenu, mtaitwa kwa nafasi. Mchezo wa wanne, kila mtu ana matufe 2, na kila nafasi ina kazi yake. Wa kwanza anatandika mkeka, anavingirisha jeki kwa urefu anaoutaka skipi, kisha anatua matufe mawili karibu nayo. Ni hayo tu, na hayo tu ni magumu kuliko yote, kwa sababu hana kitu cha kugonga wala cha kuegemea. Wa pili anarekebisha kilichokosekana au anaongeza kilichopo. Wa tatu anacheza mapigo ya kila namna, anapima pointi na kukubaliana na mpinzani. Skipi anaamuru kutoka upande wa jeki, kisha anakuja kucheza matufe ya mwisho.

Nimeona vijana wakiona haya kupewa nafasi ya kwanza, kana kwamba wameshushwa cheo. Sasa sikilizeni habari ya India. Mwaka 2022, Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham, bolisi ilichezwa Victoria Park, Leamington Spa, palepale alipong'ara Carmen Anderson. India hawakuwa wamewahi kupata medali yoyote ya bolisi katika Michezo hiyo. Wa kwanza alikuwa Lovely Choubey, afisa wa polisi. Wa pili Pinki, mwalimu wa michezo shuleni. Wa tatu Nayanmoni Saikia, aliyewahi kunyanyua vyuma kabla ya kuja kwenye bolisi. Skipi Rupa Rani Tirkey. Nusu fainali waliwafunga New Zealand 16 kwa 13. Fainali walikutana na Afrika Kusini. Matokeo yalifika 10 kwa 10, halafu India wakaweka pointi 7 bila jibu: 17 kwa 10. Dhahabu!

Mtu akiwatazama wale wanawake wanne anaona kila mmoja akilinda nafasi yake. Lovely Choubey hakutaka kuwa skipi katikati ya mechi. Alitua. Na skipi akiwa na tufe la wa kwanza karibu na jeki, ana machaguo matatu. Asipokuwa nalo, amebakiwa na moja tu, la kukimbiza. Kumbukeni pia kwamba India waliandaa Michezo mwaka 2010, Delhi, na bolisi ikaanza kushika mizizi kwao wakati huo. Miaka 12 kutoka kuujua mchezo hadi dhahabu. Walimu, wasimamizi, mpange kwa miaka ya namna hiyo. Msimpangie mtoto miezi 6.

Kanuni nitazipitia haraka, kwa kuwa waamuzi wetu wapo na watazifundisha vizuri kunizidi. Nitagusa tatu zinazowapokonya watu mechi. Tufe lililogusa jeki katika mwendo wake wa kwanza lipakwe chaki kabla tufe linalofuata halijatulia. Mkisahau, likisukumwa baadaye mtaroni limekufa, wakati lenye chaki lingekuwa hai mlemle mtaroni. Pili, wakati wa kuachia, mguu mmoja, wote au sehemu yake, uwe juu ya mkeka au hewani juu yake. Wanaosogea mbele wakifukuzia nguvu hunaswa hapa. Tatu, duru ikiisha msikimbilie kuokota matufe. Kila upande una haki ya kusubiri sekunde 30 tangu tufe la mwisho lisimame, maana tufe lililoegemea jingine linaweza kuanguka na kubadilisha hesabu. Nawe mchezaji wa tatu, mfuko wako uwe na chaki, kamba ya kupimia na kabari ndogo za kuzuia tufe lisianguke wakati unapima. Usiwe mtu wa kuazima kwa mpinzani.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo linalonifanya niupende mchezo huu. Maisha ya mchezaji wa bolisi ni marefu. Alex Marshall wa Scotland alipata dhahabu 5 za Jumuiya ya Madola kati ya mwaka 2002 na 2018. Katika Michezo ya 2022, Rosemary Lenton wa Scotland alipata dhahabu ya bolisi ya wenye ulemavu akiwa na miaka 72. Siku zilezile George Miller, naye wa Scotland, akavishwa dhahabu akiwa na miaka 75, kama mwelekezaji wa mchezaji asiyeona vizuri: anasimama upande wa jeki, anamweleza mwenzake kila tufe lilipo na umbali wake, na mwenzake anacheza kwa maneno yake. Fikirini usahihi wa ulimi unaotakiwa hapo! Akisema "sentimita 40 mbele, kushoto kidogo", ikawa si kweli, tufe limepotea na kosa ni lake.

Kijana wa miaka 18 aliyekaa hapa anaweza kuwa na miaka 50 ya kucheza. Ndiyo maana nawasihi msiuache ualimu, upolisi, ufundi wenu. Bryant alikuwa mwalimu, Lovely Choubey polisi. Kwa walio wengi mchezo huu haulipi kodi ya nyumba, na mwenye njaa hawezi kutulia mkekani. Lindeni magoti na mgongo kama mnavyolinda matufe: nyoosheni misuli ya paja na nyonga kabla na baada, maana mechi moja ni kuinama mara 40 na zaidi, na siku ya mashindano mna mechi mbili au tatu. Magoti yakishindwa, kuna vifaa vya kushikia tufe ambavyo humwezesha mtu kuachia akiwa amesimama, na kanuni zinavikubali. Hakuna aibu ndani yake.

Nimesema mengi na jua linasogea. Tukitoka hapa, mikeka tayari imetandikwa kwenye njia sita. Kila mtu achukue matufe 4. Duru ya kwanza jeki iwe mita 23, ya pili mita 27, ya tatu mita 31, kisha mrudi kwa mpangilio huohuo mkilitoa tufe upande mwingine wa jeki. Hayo ni matufe 24. Hesabu yaliyotulia ndani ya urefu wa mkeka, na yaliyobaki yaandike: mafupi mangapi, marefu mangapi, ya ndani mangapi, ya nje mangapi. Mwandikieni kila mtu sekunde za uwanja juu ya karatasi yake kabla hajaanza. Saa kumi na moja, nyasi zikianza kupata ubaridi, tutarudia yaleyale matufe 24 kwenye njia zilezile, tuweke karatasi mbili kando kwa kando.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Twendeni uwanjani.